Fremu inapofungwa Aprili: kalenda ya pesa katika mitaa ya Mtwara

Habari za mtaani Mtwara mara nyingi hubandikwa mlangoni kabla ya kusimuliwa. Duka la nguo la pale kona limekuwa duka la mitungi ya gesi. Saluni imesogezwa uani, mbele imefunguliwa steshenari. Aliyekuwa anauza simu sasa anauza spea za bodaboda, na mlango wa jirani yake una karatasi iliyoandikwa kwa wino mzito: FREMU INAPANGISHWA. Mtu aliyeondoka mitaa ya Chikongola au Magomeni mwezi wa kumi akarudi mwezi wa sita hulazimika kuulizia hata duka la sukari.

Barazani maelezo hayakosekani. Mtaji umekata. Kaingia kwenye mikopo ya kausha damu. Kafungua biashara kwa kuiga. Na likikosekana la kusema, ni chuma ulete: kuna jirani anayevuta pesa za droo kwa njia anazozijua mwenyewe. Sina ugomvi na imani ya mtu. Ila kabla ya kumtazama jirani kwa jicho baya, tazama tarehe. Fremu za huku hazifungwi ovyo. Ukizifuatilia utaona nyingi hufunguliwa kuanzia Septemba mpaka Novemba, na karatasi za kupangisha huzidi kuanzia Aprili kwenda Juni. Kinachozifungua na kinachozifunga ni kalenda mbili zisizopatana, ya korosho na ya pango.

Tuanze na korosho, maana hata asiye na mkorosho mmoja anaishi kwa saa yake.

Mkulima wa Tandahimba, Newala, Nanyamba au Masasi hamuuzii korosho mtu anayemgongea mlango. Akifanya hivyo ni kangomba, na kangomba imepigwa marufuku. Tangu msimu wa 2007/08 zao hili linauzwa kwa stakabadhi ghalani. Mzigo unapelekwa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, unapimwa na kupangwa daraja, unasafirishwa ghala kuu, kisha chama kikuu cha ushirika, iwe MAMCU au TANECU, kinauingiza mnadani. Miaka ya karibuni mnada wenyewe umehamia kwenye mtandao kupitia Soko la Bidhaa, TMX. Mnunuzi akishinda analipa benki, na pesa inaanza kuteremka: inapita chama kikuu, inakatwa makato, inafika AMCOS, halafu ndiyo inaingia kwenye akaunti ya mkulima. Kila ngazi ina siku zake. Minada hufunguliwa Oktoba, kwa hiyo pesa nzito huonekana mjini Novemba mpaka Januari.

Huku mjini inaingia kwa milango mingi. Kuna vibarua wa maghala na bandari, madereva, makarani, walinzi, na mama lishe wanaowapikia wote hao. Kuna mwalimu na nesi wenye mikorosho ya urithi kijijini. Kuna mkulima mwenyewe anayeshuka mjini kununua bati, godoro, pikipiki na sare za shule. Duka la vifaa vya ujenzi linaweza kuuza saruji na misumari zaidi ndani ya miezi hiyo kuliko miezi yote iliyobaki. Saruji yenyewe haisafiri mbali, kwani kiwanda cha Dangote, kilichozinduliwa Oktoba 2015 na chenye uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka, kiko hapa hapa mkoani.

Februari ikifika, kelele zinapungua. Mvua ya kusini ni ya msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba na kukata Aprili au Mei, na wakati huo pesa iliyobaki kijijini inakwenda kwenye palizi na chakula. Ikifika Mei na Juni mkulima anafikiria kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga. Hata salfa ikitolewa kwa ruzuku, mashine ya kupulizia inataka petroli na anayeibeba mgongoni anataka ujira. Hakuna anayenunua godoro Mei.

Sasa weka juu yake kalenda ya pango. Tuseme fremu ni shilingi 100,000 kwa mwezi, hesabu ya mfano tu. Mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi, yaani laki sita. Kisheria asilimia 10 ya pango hilo ni kodi ya zuio: mpangaji anaikata kwenye pesa ya mwenye nyumba na kuipeleka TRA. Mtaani hesabu hugeuzwa. Mwenye nyumba anataka laki sita yake kamili, na mpangaji anabeba 60,000 nyingine mfukoni mwake. Ongeza shelfu, rangi, leseni, na pengine kilemba cha aliyekuwepo. Anafungua katikati ya Oktoba ili awahi msimu. Anauza vizuri Desemba, anauza vizuri Januari, na kila anachopata anakiingiza kwenye mzigo mpya. Katikati ya Aprili miezi sita imekwisha. Nje mvua, ndani wateja wawili watatu, na laki sita inadaiwa upya. Pesa anayo, ila iko kwenye shelfu kwa umbo la viatu na mashuka.

Mazungumzo yanayofuata yanajulikana mtaa mzima.

"Shikamoo mama. Nilikuwa naomba safari hii nilipe mitatu mitatu."

"Marahaba mwanangu. Mimi mambo ya mitatu mitatu yalinishinda. Ukilipa mitatu, mwezi wa nne nakutafuta kwa tochi."

Mama ana sababu zake. Wapangaji wa namna hiyo amewaona. Lakini fuata hesabu mpaka mwisho. Mpangaji anatoka Aprili, anauza mzigo kwa bei ya hasara au anaurundika sebuleni. Fremu inakaa tupu Mei, Juni, Julai, Agosti. Mpangaji mwingine mwenye ndoto ya msimu anatokea Septemba au Oktoba, analipa miezi sita, na hadithi inarudi mwanzo. Mwenye nyumba aliyekataa mitatu mitatu kwa kuogopa usumbufu ameishia kupokea pango la nusu mwaka kwa kila mwaka. Kwa maoni yangu hapa ndipo biashara nyingi za huku zinapouawa, na wateja wanasingiziwa bure. Ukilazimika kulipa miezi sita, basi ingia Julai. Fremu ziko tupu na bei inazungumzika, unapata mwanya wa kujulikana kabla ya msimu, na pango la pili linakukuta Januari, wakati droo ina kitu. Wanaofanya hivyo ni wachache, kwa sababu Julai hakuna anayejisikia tajiri.

Anayetaka kuiona kalenda hii kwa macho asogee kwa wakala wa fedha. Kibanda cha kawaida cha huku kina meza yenye wavu, daftari la kaunta lililochakaa pembe, simu ndogo mbili tatu zilizofungwa mpira ili betri zisidondoke, na bango lililopakwa rangi mara nyingi. Tigo ilipogeuka Yas mwishoni mwa 2024, mabango ya bluu yalipigwa njano juu yake, na kwenye kuta nyingine herufi za zamani bado zinachungulia. Wateja hawana habari na rangi. Wanaendelea kusema "nitolee Tigo Pesa". Novemba na Desemba jibu la wakala ni "keshi imekata, rudi alasiri". Watu wanatoa, noti zinakwisha, na floti, yaani salio la kutuma, inajaa kwenye simu. Januari shule zikifunguliwa jibu linageuka: "floti imeisha". Sasa watu wanaleta noti ili watume ada na nauli, na wakala ana droo iliyojaa asiyoweza kuituma. Machi na Aprili ana vyote viwili na hana mteja. Kamisheni yake inatokana na miamala, haitokani na pesa iliyolala. Ndiyo maana wengi huuza na maji, vocha na soda, na ndiyo maana tozo za miamala za Julai 2021 ziliwauma mawakala kabla ya mtu mwingine yeyote: wateja walirudi kubebeana pesa mkononi, na ingawa viwango vilipunguzwa baadaye, baadhi ya vibanda havikufunguliwa tena.

Kuna mnyororo mwingine usioonekana kwenye bango, nao ni mali kauli. Mwenye duka dogo anachukua mzigo kwa wa jumla kwa ahadi ya mdomo, na wa jumla amechukua Kariakoo kwa ahadi ya namna hiyo hiyo. Chini yao mteja naye ameandikwa kwenye daftari: "nitalipa korosho ikitoka". Mwaka ukiwa mzuri, ahadi zote hizi hulipana ndani ya wiki chache. Mwaka ukiyumba, zinadondoka pamoja.

Msimu wa 2018/19 ulionyesha hilo bila kificho. Msimu uliotangulia ulikuwa wa neema: zaidi ya tani 300,000 nchi nzima, na mnadani kilo ilivuka shilingi 4,000. Watu walikopa na kujenga wakiitazama bei hiyo. Oktoba 2018 wanunuzi wakaja na bei ndogo, wakulima wakagoma kuuza, na Novemba Rais John Magufuli akaagiza serikali inunue korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likipewa kazi ya kuisomba. Kwa bei, mkulima alilindwa. Kwa muda, hapana: uhakiki wa mashamba na majina ulisogeza malipo ya wengi mpaka ndani ya 2019. Ukiwa mwenye duka Mtwara mjini, bei ya kilo haikukusaidia. Ulichohitaji ni pesa ifike kabla ya Aprili. Ilipochelewa, daftari la mteja halikulipwa, mali kauli ikageuka deni la kuitiwa polisi, na laki sita ya pango ikakosekana.

Nimeambiwa na vijana kwamba hayo yamepita, kwa kuwa msimu wa 2024/25 uzalishaji ulivuka tani 500,000 na bei ya minada ya mwanzo ilikuwa juu ya 4,000. Kweli, na mitaa ilichangamka. Lakini sehemu kubwa ya korosho yetu bado inaondoka ghafi kwenda Vietnam na India, na bei inaamuliwa na viwanda vya huko. Kilichobadilika hapa kwetu ni njia yake. Serikali iliagiza korosho isafirishwe kupitia bandari ya Mtwara badala ya kupakiwa malori kwenda Dar es Salaam, na gati jipya la mita 300 limeipa bandari nafasi ya kuihudumia. Pesa ya kubeba, kupanga na kulinda mzigo, ambayo zamani ilipita njia ikitupungia mkono, sasa inalala hapa siku kadhaa.

Bado halijajibiwa swali la kwa nini fremu ni nyingi kiasi hiki. Nyumba kwa nyumba, uzio umevunjwa na milango miwili ya chuma imewekwa mbele. Hilo si la korosho, ni la gesi.

Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, lakini homa yenyewe ilikuja baada ya 2010, kampuni za nje zilipoanza kupata gesi nyingi baharini. Wageni wa kampuni hizo walihitaji vyumba, magari, chakula na ofisi. Pango la nyumba za mtaa wa Shangani likapaa, gesti na loji zikaota, na kila mwenye kiwanja barabarani akaambiwa ajenge fremu, "mji huu utakuwa Dubai". Mradi wa bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam ukazua hasira ya watu walioona mali inapita, na Januari na Mei 2013 vurugu zikaondoa roho za watu na kuteketeza mali. Bomba likakamilika 2015. Kabla ya hapo, katikati ya 2014, bei ya mafuta duniani ilishaanguka na kampuni zikapunguza utafutaji. Kiwanda cha kusindika gesi kimiminika kilichopangwa Likong'o, Lindi, kimebaki kwenye mazungumzo kwa miaka. Wageni wakafungasha. Fremu hazikufungasha.

Wazee wanasema hii si mara ya kwanza mji huu kujengwa kwa ahadi. Mpango wa karanga wa Waingereza, 1947 mpaka 1951, ndio uliotuletea bandari ya kina na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga hazikuota kama ilivyotarajiwa, reli ikang'olewa miaka ya mwanzo ya 1960, na leo tuna kata inayoitwa Reli ambayo haina reli.

Wingi wa fremu ulipaswa kushusha pango mpaka chini kabisa. Umelishusha kidogo tu, kwa sababu wengi walijenga kwa mikopo au kiinua mgongo, na mtu aliyezika kiinua mgongo chake kwenye tofali huona heri kusubiri kuliko kupokea nusu bei. Kwa hiyo tunapata hali ya ajabu: milango mitupu mingi, na pango ambalo bado linamshinda mfanyabiashara mdogo, anayeishia kupanga meza nje ya mlango uliofungwa.

Hapa niseme la mitungi, maana kila duka likifunguliwa swali ni hilo hilo: gesi yetu, mbona mtungi ghali? Gesi ya Mnazi Bay kwa sehemu kubwa ni methani. Haigeuki kimiminika kwa kubanwa tu kwenye mtungi wa jikoni. Inataka bomba mpaka nyumbani, kama zilivyounganishwa baadhi ya nyumba za hapa Mtwara na TPDC, shirika la petroli la serikali, au mitambo mikubwa ya kuigeuza kimiminika kwa baridi kali. Mtungi wa dukani una propani na butani, inayoingizwa nchini kwa meli. Kwa hiyo mama wa Mtwara anayepikia mtungi anapikia bidhaa ya kuagizwa, na juu yake analipa nauli ya lori. Maduka haya hata hivyo yataongezeka. Serikali inasukuma watu waache mkaa, tayari imezuia taasisi kubwa kupikia kuni na mkaa, na mtungi una sifa moja tamu kwa mwenye fremu: unaisha kila mwezi, msimu uwepo usiwepo.

Hiyo ndiyo alama ya biashara zinazovuka Aprili. Genge, mashine ya kusaga, duka la dawa muhimu, chapati za asubuhi, fundi pikipiki. Zinakula kidogo kila siku. Biashara za kuvaa na kupamba hutegemea furushi linaloshuka mara moja, ingawa hata hizo zina mianya: unyago na jando wakati wa likizo za shule huuza kanga na kukodisha maturubai na viti, na ufuta, unaovunwa katikati ya mwaka na kupitia minada ile ile ya stakabadhi, unaleta pesa ya Juni na Julai ambayo zamani haikuwa na mpangilio.

Kuna badiliko moja ambalo sijamsikia mwenye duka la nguo akilipigia hesabu. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2018 Idi ya kumaliza mfungo ilikuwa katikati ya Juni, na baba wa hapa Majengo alinunua kanzu za watoto mfuko ukiwa umekauka. Mwaka 2025 ilikuwa mwisho wa Machi. Kufikia 2031 itakuwa Januari, katikati ya pesa ya korosho. Mji huu una Waislamu wengi, na nguo za Idi ndizo zilizokuwa zikiwavusha wauza nguo kwenye miezi ya njaa. Idi na korosho zikikutana, Januari itakuwa ya sherehe kweli kweli, na Juni itabaki bila mwokozi. Anayesaini mkataba mrefu wa duka la nguo leo aliwaze hilo.

Upande wa kaskazini kuna barabara ya Dar es Salaam. Daraja la Mkapa la mto Rufiji lilifunguliwa 2003, na kipande cha Ndundu mpaka Somanga ndicho kilichochelewa kuliko vyote kupata lami. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, maji yalikata barabara maeneo ya Somanga na kusini ikabaki peke yake kwa siku kadhaa. Bidhaa za Kariakoo zikawa adimu madukani. Upande wa pili, biashara ya ng'ambo ya mto Ruvuma, ya watu wa Palma, Msumbiji, waliokuwa wakija kununua vyombo na nguo, iliharibiwa na vita vya Cabo Delgado vilivyoanza 2017, na waliokuwa wakiwategemea wateja hao wamejikuta wakigombea wateja wa hapa hapa.

Wanafunzi wa vyuo nao wana kalenda yao. Bumu, yaani pesa ya mkopo wa wanafunzi, likitoka, chipsi na steshenari zinapumua. Likizo ikianza, hosteli zilizokuwa loji za watu wa gesi zinabaki na mlinzi.

Linaloanza kubadilisha mitaa sasa ni makaa ya mawe ya mkoa wa Ruvuma, yanayoletwa kwa malori mpaka bandarini tangu biashara hiyo ishike kasi miaka ya karibuni. Lori halijui msimu. Dereva anakula Aprili kama anavyokula Desemba, tairi linapasuka Mei, na vibanda vya chakula, gereji na maduka ya spea vimefuata njia hiyo. Vumbi nalo limefuata, na malalamiko yake ni ya haki. Ndiyo maana Mamlaka ya Bandari ina mradi wa bandari nyingine huko Kisiwa-Mgao, kwa ajili ya mizigo michafu kama makaa na saruji. Malori yakihamia huko, wateja wa vibanda vya mjini watahama nayo. Mama lishe anayeombwa pango la mwaka mzima karibu na geti la bandari aulize kwanza mradi umefikia wapi, akubali miezi mitatu tu, na siku moja apande bajaji kwenda Mgao kuulizia viwanja vya kukodi kabla bei yake haijajua kuna malori yanakuja.